Saa zangu zimeisha nimelala kwenye pakingi ya duka, wana haki ya kunivuta?

SWALI: Habari mkuu. Naendesha lori la trela hapa Marekani, huu ndio mwaka wangu wa kwanza wa masafa marefu. Ikifika saa mbili usiku vituo vya malori vimejaa na mimi saa zangu za kuruhusiwa kuendesha zimebaki kidogo sana. Wenzangu wananiambia nipaki tu kwenye maduka makubwa, eti dereva aliyeishiwa saa haruhusiwi kuondolewa, tena kuna Sheria ya Jason inatulinda. Mmoja ameniuzia na orodha ya maduka yanayoruhusu malori. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, hiyo orodha iweke pembeni kwanza tuongee hilo la kwanza, maana ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote kwenye hii kazi ya usalama na logi (rekodi za saa) za madereva. "Saa zimeisha, hawawezi kunigusa." Nalisikia kila mara, na mara nyingi nalisikia kwa simu ya usiku wa manane, lori limeshafungwa klampu au limeshavutwa, mzigo umekwama na dereva bado anashangaa kwa sababu rafiki yake alimhakikishia kabisa.

Kikomo cha masaa 11 ya kuendesha ndani ya masaa 14 ya zamu unakijua, sirudii. Ninachotaka uelewe ni kwamba ile sheria iko kati yako, kampuni yako na serikali. Inakukataza wewe kuendesha ukishamaliza saa, basi. Hakuna mahali inapomwambia mwenye duka akupe pa kulala. Yeye hajui logi yako inasomaje na hana sababu ya kujua. Kwake wewe ni gari lililosimama kwenye mali yake bila ruhusa, na kampuni ya kuvuta magari aliyoingia nayo mkataba haiangalii ELD yako, kile kifaa kinachorekodi saa zako, kabla ya kufunga mnyororo.

Na Sheria ya Jason, jamani, hii inaniuma kusikia ikitumiwa hivi. Jason Rivenburg alikuwa dereva kama wewe. Machi 2009 alifika South Carolina mapema kabla ya muda wa kushusha mzigo, hakuwa na pa kupaki karibu na mteja, akaenda kulala kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa na huko akauawa, aliyemuua akaondoka na dola 7. Mke wake alipigania jambo hili mpaka sheria ikapita 2012. Lakini sheria yenyewe inafanya nini? Inaruhusu hela za serikali kuu za barabara zitumike kujenga maegesho ya malori, na inaitaka wizara ya uchukuzi ichunguze nafasi zipo kiasi gani. Ripoti ya mwaka 2020 ilihesabu nafasi kama 313,000 nchi nzima, nyingi zikiwa za vituo binafsi, kama 40,000 tu ndizo za umma, na asilimia 98 ya madereva waliohojiwa wakasema wanapata shida kupata sehemu salama. Kwa hiyo shida yako ni ya kweli kabisa na serikali inaijua, ila haki ya kupaki kwenye ardhi ya mtu haimo mle ndani. Anayekuambia imo hajaisoma.

Sasa ruhusa. Ruhusa ya kulala kwenye pakingi ya biashara anaitoa mtu mwenye mamlaka ya hiyo pakingi, kwa usiku huo. Jina la duka halikusaidii. Walmart kwa mfano, ambao kila mtu anawataja, wenyewe wanasema ruhusa inatoka kwa meneja wa kila duka kulingana na nafasi na sheria za pale, na hapo walikuwa wanaongelea wasafiri wa RV, yale magari yenye nyumba ndani, sio trela yako. Ndio maana hizi orodha zinanikera. Meneja anabadilika, jiji linapitisha sheria ndogo ya kukataza malori, mwenye eneo anasaini mkataba mpya na watu wa kuvuta, orodha iko vilevile na aliyekuuzia ameshakula hela yako. Jiji likishakataza, hata meneja akikukubalia kwa moyo mweupe haisaidii, faini ni yako.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaifikirii, kwenye zile plaza zenye maduka mengi pakingi kwa kawaida sio ya duka, ni ya mwenye jengo. Unaingia, unanunua chakula, unamuuliza kijana wa kaunta "naweza kulala hapa?" anasema poa tu, unalala, saa nane usiku unavutwa. Yule kijana hakukudanganya kwa nia mbaya, hakuwa na cha kukupa. Kuwa mteja nako sio ruhusa ya kulala, risiti ya chakula haijawahi kurudisha lori. Muulize meneja pakingi ni ya nani, wao wenyewe wanaruhusiwa kutoa ruhusa au ni mwenye jengo, upaki upande gani na uondoke saa ngapi. Chukua jina lake, na ukiweza akutumie meseji. Soma pia kibao cha mlangoni kabla hujaingiza trela. California kwa mfano kibao cha kuvuta magari kinatakiwa kiwe angalau inchi 17 kwa 22 na kiwe na jina na simu ya kampuni inayovuta, kwa hiyo kipige picha, kesho kikiwa na kasoro hiyo picha itakusaidia. Majimbo mengine yana ya kwao.

Ukikataliwa usibishane, wana sababu zao. Lori lililojaa linafika pauni 80,000 na lami ya pakingi ya magari madogo haikumwagwa kwa uzito huo, ukikata kona kali tairi za trela zinaichana, na ukiacha trela peke yake siku ya joto miguu yake inazama. Wanaolipa ni wao.

Kama umebeba vilipuzi vya daraja 1.1, 1.2 au 1.3 hapo hakuna mjadala, sheria ya serikali kuu inakataza kupaki kwenye mali binafsi, hata kituo cha mafuta au mgahawa, mpaka msimamizi ajue na akubali na awe anajua umebeba nini.

Najua utaniuliza, wakinigongea mlango usiku nifanye nini na saa sina? Wenzako watakwambia weka PC uondoke, yaani andika kwenye logi kwamba unaliendesha lori kwa matumizi binafsi ukiwa nje ya kazi. Mwongozo wa serikali wa 2018 unaruhusu PC kuhama ukiamriwa na ofisa wa usalama wakati uko mapumzikoni, mlinzi wa duka hajatajwa pale. Unaruhusu pia ukitoka kupakia au kushusha kwenda sehemu salama ya kupumzika, lakini iwe ya kwanza inayopatikana kwa namna ya kawaida, sio unaruka tatu ili kesho uwe karibu na mteja. Kwa hiyo ukiondolewa na mlinzi piga simu kampuni muda huohuo, andika maelezo kwenye logi kama ilivyotokea, na usogee kwa umbali mfupi kabisa. Usiandike uongo. Logi iliyopikwa na ikagundulika ni mbaya kuliko ukiukaji ulioelezwa.

Kwako wewe kitu cha kubadilisha ni muda wa kutafuta. Unaanza kutafuta saa mbili usiku ukiwa huna saa, hapo utakubali chochote. Anza mchana. Dispacha wako anapopanga mzigo aulize kabisa ghala kama unaweza kulala kwao kabla au baada, haya maswali yanachukua dakika mbili na makampuni mengi hayaulizi, halafu lawama zinamrudia dereva. Nafasi ya kulipia kwenye kituo cha malori ibuku mapema, na mwambie mwajiri alipe yeye, gharama yake haikaribii bili ya kuvutwa kwa lori zito, ambayo inafika maelfu ya dola na bado gari linabaki limeshikiliwa na mzigo wa mtu ndani.

Kuna na wale wanaotembea kwenye pakingi usiku wakikusanya hela taslimu, "nipe dola 20 ulale mpaka asubuhi". Usimpe mtu hela kama hana risiti yenye jina la biashara na wewe hujapiga simu kwenye hiyo biashara ukathibitisha. Asubuhi humwoni, na aliyeita gari la kuvuta anaweza kuwa ni huyohuyo.