Albertus kwenye lebo ya asali: jina sawa, maelezo hapana

Mkuu nimekuelewa, umeweka fonti ya Albertus nzito lebo nzima ya asali na sasa maandishi madogo yamejaa wino hayasomeki. Fonti siyo mbaya, kazi yake ni maneno makubwa machache. Berthold Wolpe aliianza 1932 kwa ajili ya Monotype, kampuni ya fonti, alikuwa mtu wa kuchonga herufi za shaba ndo maana ncha zinatanuka taratibu badala ya kuwa na vimkia (vile vistari vidogo mwishoni mwa herufi), na City of London, eneo la kale katikati ya London, wameiweka kwenye vibao vya mitaa. Kwahiyo jina liache hivyohivyo, kubwa, ongeza nafasi kidogo kati ya herufi, ila uzito wa asali na tarehe weka fonti nyepesi ya kawaida. Printi moja saizi halisi kwanza. Leseni ya Albertus ni ya kulipia, usipoielewa muulize mwanasheria kabla hujaingiza mzigo sokoni.