Kabla hujatupa kipande cha uzi, kipime

Saa tisa usiku. Umemaliza kuosha usaha wa utumbo uliotobolewa na taifodi, mtu wa usingizi anaangalia saa, nesi ameanza kuhesabu vitambaa. Hapo ndipo wengi wetu huharibu kazi, kwa sababu tumbo tunalifunga tukiwaza kitanda.

Mimi niliharibu nikiwa intern, daktari wa mafunzo. Nilishona kwa hatua ndefu (nafasi kubwa kati ya tundu moja la sindano na jingine), nikavuta uzi mpaka ukazama, nikajisifu kwamba limekaza. Asubuhi ya siku ya saba shuka la mgonjwa lilikuwa na maji ya pinki, mepesi, kama ya kusuuzia nyama. Nikabadilisha bandeji nikaenda zangu. Mchana akakohoa, utumbo ukatoka nje. Tuliporudi naye theatre, uzi ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa umeikata fashia, ule utando mgumu unaoushikilia ukuta wa tumbo, kama waya wa dukani unavyokata mche wa sabuni.

Kwa hiyo, wadogo zangu, usikabe. Kingo zikigusana inatosha. Ukikaza zaidi ya hapo damu haifiki na fashia inakufa.

Nyuzi mojamoja au mfululizo? Bosi wangu wa kwanza alishona mojamoja, akisema fundo moja likiachia mengine yatashika. Wapo wanaoitetea njia hiyo kwenye tumbo chafu, na sigombani nao. Mimi nashona mfululizo: mvuto unagawanyika urefu wote, na mgonjwa mwenye presha ya kushuka anatoka mezani mapema. Natumia PDS, uzi unaochukua miezi sita hivi kuyeyuka mwilini. Ikikosekana (na hukosekana!) nachukua nailoni, nikijua fundo laweza kumchoma mtu mwembamba kwa miaka. Vicryl, uzi mwingine unaoyeyuka, siiweki kwenye fashia, kwani nguvu yake nyingi huisha ndani ya mwezi.

Hatua nazo ziwe fupi. Jaribio la Uholanzi lililotoka kwenye Lancet mwaka 2015, wagonjwa 560, lililinganisha milimita 5 na sentimita 1. Baada ya mwaka, ngiri ya kovu (uvimbe unaotokea fashia ikiachia chini ya kovu) ilikuwa asilimia 13 kwa hatua fupi na 21 kwa ndefu. Wale walikuwa wa kupangiwa, si wa dharura, lakini nami nazifupisha, ila pale fashia imeoza nakwenda mbali zaidi na ukingo.

Kisha rula. Uzi wa sentimita 150 ukibakiza 60, umetumia 90. Kidonda cha sentimita 20 kinataka angalau 80, yaani mara nne. Ukiwa umetumia 50, fumua, hata kama nesi ananuna.

Ngozi ya tumbo lenye usaha naiacha wazi siku kadhaa.

Na ukiitwa wodini kwa maji ya pinki, usibadilishe bandeji ukaondoka. Vaa glavu, pitisha kidole taratibu, uhisi kama fashia ipo. Utumbo ukishatoka, usiusukume ndani: funika kwa gozi iliyolowa maji ya chumvi ya vuguvugu, piga simu theatre.