Kabichi yangu ilikuwa inaogelea

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, mtu anaweza kupungua uzito kwa kula mboga na nafaka zisizokobolewa tu?" Mimi nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliongezeka kilo 2. Mara ya pili nikapungua kilo 11. Mboga zilikuwa zile zile na nafaka zile zile, ndiyo maana nimeona niwaandikie.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nimekaa, na kazi yenyewe ni kupima viuno vya watu huku cha kwangu nikikificha chini ya khanga. Nilikuwa na kilo 89 nilipoamua kwamba sasa basi. Nikaacha nyama, nikaacha mkate mweupe na wali mweupe, nikajaza jikoni mchele usiokobolewa, shayiri nzima, unga wa ngano wenye pumba zake, kabichi, karoti na mchicha. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba nafaka isiyokobolewa "hainenepeshi", kwa hiyo sahani ikiisha naongeza, bila wasiwasi wowote. Baada ya miezi mitatu mizani ikasoma 91. Nikaisogeza, nikaiweka sehemu nyingine ya sakafu. Ikasoma 91.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo kwenye "hainenepeshi". Gramu 100 za wali wa mchele usiokobolewa zina kalori kama 120. Za wali mweupe zina kama 130. Ukiongeza kijiko kimoja tu cha wali, tofauti hiyo umeshaifuta. Nafaka ikikobolewa inatolewa pumba na kiini, kinachobaki karibu chote ni wanga. Ikiachwa nzima, wanga bado umo humo humo, ila umefungwa pamoja na nyuzinyuzi za pumba, ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya. Zile nyuzinyuzi zinanyonya maji, zinajaza tumbo, na zinafanya sukari iingie kwenye damu polepole. Faida yake, basi, ni kukushibisha mapema na kukuchelewesha kusikia njaa. Mtu anayeongeza sahani kwa sababu chakula ni "cha afya" anaitupa faida yote.

Halafu kuna kutafuna, ambako watu hawakuzungumzii. Bakuli la shayiri nzima linachosha taya. Mkate laini unateleza wenyewe kabla hujajua umekula vipande vingapi. Kuna utafiti uliofanyika Marekani ukatoka mwaka 2019, watu 20 walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, na vya kawaida kwa wiki mbili. Milo ilipangwa ifanane kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi, kisha kila mtu akaachwa ale atakavyo. Kwenye vile vya kusindikwa walikula haraka zaidi, wakazidisha kalori kama 500 kwa siku, wakanenepa karibu kilo moja katika hizo wiki mbili. Niliposoma hayo nilimkumbuka marehemu bibi aliyekuwa akitugombeza, "Tafuneni, hakuna anayewafukuza!"

Lakini kilichonimaliza mimi hasa kilikuwa mafuta, na aliyekigundua ni wifi yangu. Alikuja kunitembelea, akasimama mlangoni mwa jikoni akinitazama nakaanga kabichi. Akasema, "Wifi, hiyo kabichi unaipika au unaiogesha?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akanipa kikombe, akaniambia nimimine humo mafuta kama ninavyomimina siku zote kwenye sufuria. Nikamimina bila kufikiri. Kisha akachukua kijiko cha chakula akaanza kuyachota na kuyarudisha kwenye chupa, anahesabu kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu... Alipofika sita kikombe kilikuwa bado kinang'aa chini.

Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na haijalishi ni ya alizeti, ya zeituni au ya nazi, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Vijiko sita ni kalori 720. Kilo nzima ya kabichi ina kalori kama 250. Yaani nilikuwa napika sufuria ya mafuta iliyotiwa kabichi kidogo, halafu najisifu nakula majani. Na mimi ndiye yule yule ambaye siwezi kugusa kitambaa cha mtu kwa mkasi kabla sijakipima!

Mara ya pili, kwa hiyo, nilianza na kijiko. Kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Kitunguu nakikaanga kwenye mafuta hayo hayo, kikianza kushika chini namwagia maji kidogo, kisha nyanya, tangawizi, vitunguu saumu, mboga mwishoni na mfuniko juu. Ndimu nakamulia mezani. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama cha mgonjwa, sitadanganya. Kufika wiki ya tatu au ya nne ulimi ulikuwa umezoea, na siku moja nilipokula kabichi ya zamani kwenye sherehe niliiona inateleza mdomoni kama sabuni.

Sahani nikaigawa: nusu mboga, robo nafaka, robo jamii ya kunde. Hiyo robo ya mwisho haimo kwenye swali lenu, na ndiyo ninayotaka kuitetea. Kwa mboga na nafaka tu, saa nne asubuhi nilikuwa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano kwa njaa. Dengu, maharage na choroko vina protini, na protini inashibisha, tena inausaidia mwili usipoteze misuli wakati unapungua. Nilibaki pia na mayai, na samaki mara mbili kwa wiki. Atakayeacha kabisa vyakula vyote vitokanavyo na wanyama ajue kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye mboga wala nafaka, itabidi aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo.

Gesi nayo niiseme, maana wanaotoa ushauri huiruka. Nilihamia kwenye nyuzinyuzi nyingi kwa siku moja, badala ya kuongeza taratibu. Siku ya nne nimemzungushia mteja futi kiunoni, nimeinama, kimya kimeingia, tumbo langu likanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Yule mama kwa heshima zake akajifanya anatazama dirishani. Tangu hapo naloweka shayiri na maharage usiku kucha, maji ya kulowekea namwaga, na maji ya kunywa nayafuatilia, kwani pumba bila maji inakufungisha choo badala ya kukufungua.

Kuhusu mkate, msidanganywe na rangi. Kuna mkate wa kahawia ambao ni unga mweupe uliotiwa sukari iliyounguzwa. Soma maandishi ya nyuma, kitu cha kwanza kwenye orodha kiwe unga wa nafaka nzima. Juisi ya kuchuja nayo niliiacha, nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye chujio.

Wiki ya kwanza zilipungua kilo 2, nikaimba. Wifi akanikata: sehemu kubwa ya hizo ni maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini inashikilia maji, na akiba ikipungua maji nayo yanatoka. Alikuwa sahihi. Baada ya hapo ilikuwa nusu kilo kwa wiki, kisha robo, kisha wiki tatu mizani haikusogea kabisa. Hapo ndipo wengi wanapotupa taulo la jasho na kurudi walikotoka, na mimi nilikaribia. Kilichoniokoa ni futi ya kazini. Nilijipima kiuno kwa kumbukumbu tu, nikakuta inchi moja imetoweka. Tangu siku hiyo najipima Jumamosi asubuhi kabla sijala chochote, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Ilichukua miezi 11 kutoka 91 hadi 80.

Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na daktari wake kabla, kwani mlo ukibadilika na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla, na mwenye figo dhaifu asifuate sahani ya fundi cherehani.

Mwezi uliopita nilianza kuyabana magauni yangu. Manne nimeshayamaliza. Kitambaa kilichozidi sijakikata hata kimoja, nimekikunjia ndani na kukishika kwa mshono mwepesi, ule unaofumuka kwa kuvuta uzi mmoja.