Magari matatu uani, na mama mjamzito barazani

Usiku aliozaliwa binti yetu, uani kwangu hapa Shangani, Mtwara, palikuwa na magari matatu. Mama yake alikwenda hospitali kwa bajaji.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wanaoniuliza habari ya kupenda magari na kuanza familia karibu wote huuliza pesa: utamudu vipi spea na pempasi kwa wakati mmoja? Pesa nitaifikia. Lakini usiku ule pesa ilikuwepo na mafuta yalikuwemo kwenye tangi. Tulichokosa ni gari moja lililokaa tayari kwa ajili ya mke wangu. Yote matatu yalikuwa yananingoja mimi.

Niyataje kwanza, maana nayapenda: Toyota Celica GT-Four ya 1994, Subaru Impreza WRX ya 2002, ile yenye taa za duara, na Mazda RX-8 ya 2004. Sikununua hata moja likiwa zima. Nimeyakusanya kwa miaka tisa, kwa hela ya Fuso yangu inayosomba korosho toka Tandahimba na Newala kuja maghalani. WRX niliikuta imechubuka ubavu mzima, RX-8 ilikuwa imetelekezwa gereji moja huko Dar. Celica ni habari nyingine. Marehemu baba hakuwa anaachana na redio wakati wa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, na ushindi wa Celica aliukariri kama watu wanavyokariri mabao ya timu yao: 1984, 1985, 1986, kisha 1990 ikiwa GT-Four mikononi mwa Björn Waldegård, halafu 1992, 1993, na 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda mbele ya watu wa kwao. Celica yangu imetoka kiwandani mwaka huo wa 1994. Mtu akiniambia niiuze, naisikia redio ya baba.

Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote auze kila kitu kwa sababu amepata mtoto. Ushauri huo nimepewa mara nyingi na wanaume walioacha walichokipenda, na wengine nawaona wamebaki na kinyongo, mke hajui kosa lake ni lipi.

Turudi usiku ule. Alasiri yake nilitaka kuosha RX-8. Nikaiwasha, nikaisogeza mita chache mpaka karibu na geti penye bomba la maji, nikazima. Anayeijua RX-8 ameshashika kichwa. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Ikiwa ya baridi, hujimwagia petroli nyingi ili iwake. Ukizima kabla haijapata moto, petroli inabaki ndani, plagi zinalowa, na ile oili inayosaidia rota kubana inaoshwa. Kompresheni, yaani ule mgandamizo ndani ya injini, inakwisha. Ukija kuwasha tena, stata inalia tu. Haya nilikuwa nayajua, nimewafundisha watu. Lakini siku ile nilikuwa na haraka ya kuiona inang'aa.

Saa nane usiku uchungu ukamshika mke wangu, zikiwa zimebaki wiki mbili kwa hesabu za kliniki. Celica na WRX ziko ndani, RX-8 imeziba geti, haiwaki. Nikatia gia huru nisukume, tairi zikazama kwenye mchanga wa Shangani. Jirani yetu dereva wa bajaji akaamshwa na kelele za stata, akaja amefunga msuli, tukasukuma wawili, gari likasogea kama shibiri mbili likagoma. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, kanga mbili kiunoni, begi la kujifungulia mapajani. Akasimama. Akasema, "Baba, kunja hicho kioo." Nikakikunja kioo cha pembeni, naye akapita ubavu ubavu kati ya nguzo ya geti na gari, tumbo likisugua bodi ambayo jana yake nilikuwa nimeipaka nta. Alama ya kanga ilibaki kwenye ile nta. Niliiona asubuhi niliporudi kuchukua uji.

Binti alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, salama, na mama yake salama. Mama mkwe akafika na basi toka Masasi mchana ule ule. Kwangu hakusema neno. Ukwe una heshima yake. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia barazani, "Mwanangu, kumbe kuna na magari ya kufugwa."

Nilikaa na neno lile siku zote arobaini.

Jambo la kwanza nililobadilisha halikunigharimu hata shilingi, na ningependa ulifanye leo hata kama mkeo ana mimba ya miezi miwili. Chagua gari moja, liegeshe uso ukitazama geti, tangi lisishuke chini ya nusu, ufunguo ukae mahali ambapo hata mgeni ataambiwa na kuupata gizani. Lisiwe gari unalolifanyia majaribio. Na mkeo awe anaweza kuliendesha, maana wewe unaweza kuwa Newala siku hiyo. Kwetu ni WRX. Ina milango minne, buti inameza beseni na mkoba, na siti ya nyuma inabeba kiti cha mtoto bila kupindisha mgongo wa mama mwenye kidonda. Kiti chenyewe, kile cha kichanga kinachotazama nyuma, kikae siti ya nyuma na kifungwe kwa mkanda sawasawa. Mbele penye eabegi usikiweke kabisa. Eabegi ikifyatuka inapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo. Najua mtaani tumezoea kumpakata. Nami nilipakatwa. Lakini gari likigonga, hakuna mikono ya mzazi inayomzuia mtoto asirushwe, hata kwa mwendo wa mjini.

Kisha likaja suala la kuuza. Nilikuwa na hoja zangu za kuitetea RX-8: ina viti vinne, ina milango minne, hilo si gari la familia? Kwa kweli milango ya nyuma inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele utangulie. Jaribu hilo jua la saa saba, mtoto analia, mvua ya masika inanyemelea, na nyuma yako lori linapiga honi. Nilijaribu mara moja.

Usijiulize ni gari lipi unalolipenda kuliko yote, maana kila moja litakuwa na utetezi wake. Jiulize lipi linahitaji uwepo wako mwenyewe ili liishi. Celica ikikaa wiki tatu haidai kitu. WRX fundi yeyote mzuri hapa mjini anaielewa. RX-8 kwa Mtwara ilikuwa na fundi mmoja tu, ambaye ni mimi, na plagi zake na koili vinaagizwa Kariakoo vije kwa basi. Nilikuwa nimefungwa nayo kama mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Niliiuza ikiwa bado inawaka vizuri, na hilo nalisisitiza: injini ya rota ikishapoteza kompresheni, mnunuzi anakupa bei ya bodi. Nilimweleza kijana aliyeinunua kila kitu, hata ile habari ya geti, nikamwonyesha inavyowaka ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Bei haikufika niliyoitaka. Ilipopakiwa kwenye lori kwenda Dar niliingia chumbani, sikutaka kuiona inapinda kona.

Nilidhani hapo nimemaliza. Mtoto alipofika miezi mitano, mke wangu akaja na kigoda, akakaa karibu na Celica. Mimi nilikuwa chini yake, juu ya boksi, nafungua bomba la ekzosi. Akasema, "Baba, mimi magari siyachukii. Nimechoka kuzungumza na miguu yako." Nikatoka. Nikahesabu. Toka kazini saa kumi na moja, chini ya gari mpaka saa mbili, mtoto analala saa moja na nusu. Wiki nzima nilikuwa namwona binti yangu akiwa usingizini. Mtu anayelinda pesa zake za magari akasahau kulinda saa za jioni, anadaiwa asikokujua.

Sasa tuna utaratibu, na haukutoka kichwani kwangu, tuliupanga pamoja. Siku za kazi sishiki spana. Jumamosi kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana ni zangu, hakuna atakayenituma sokoni. Na yeye ana Jumamosi yake alasiri. Mimi nabaki na mtoto, simu zake za vikoba na za dada zake nazisikia kwa mbali tu. Hapo ndipo watu wengi wanateleza: wanaomba muda wao bila kuuliza wa mwenzao uko wapi. Kazi isipokwisha saa sita, gari linashushwa kwenye jeki, linalala hivyo hivyo mpaka wiki ijayo. Mara ya kwanza iliniuma sana, boneti wazi na boliti nne hazijarudi. Nimezoea.

Pesa, kama nilivyoahidi. Huku Kusini wengi wetu tunaishi kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba hela inaingia kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaoponza. Kabla ya Oktoba tunakaa na daftari, tunaandika fungu la Celica kwa mwaka mzima. Likiisha, limeisha, hata kama shokapu zinalia. WRX nimeitoa kwenye fungu la mapenzi, iko kwenye fungu la nyumba pamoja na kodi ya ardhi na dawa. Kubadilisha mkanda wake wa taiming kwenye kilomita laki moja si starehe. Ukikatika valvu zinakutana na pistoni na injini imekwenda, tena labda mko katikati ya pori kabla ya Nangurukuru na mtoto ndani.

Na usidanganyike kwamba gari lililoegeshwa halili. Tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilihamishiwa kwenye mafuta, basi mtu anaona likikaa halimgharimu. Linakula kimya kimya. Betri inakufa, petroli inachacha, tairi zinapata bapa, mafuta ya breki yanavuta unyevu. Na sisi tuna bahari. Nilifunika Celica kwa turubai la nailoni nikidhani naikinga na chumvi; nilipolifunua baada ya miezi mitatu rangi ilikuwa imevimba chini ya mlango, vilengelenge vidogo vidogo, ukikibonyeza kimoja kinatoa unga wa kutu. Turubai lilikuwa limefungia unyevu ndani. Ni heri kibanda cha bati kilicho wazi pembeni, na kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa. Ukitoka ufukweni Msimbati, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa kwenye mikunjo.

Lililonitisha kuliko yote limekuja na kutambaa. Fundi wengi tunahifadhi vitu kwenye chupa za soda na za maji: mafuta ya breki, petroli ya kuoshea, kulanti ya kupoza injini. Siku moja binti yangu, ana miezi tisa, nilimkuta chini ya meza ya spana ameshika kizibo chekundu anakitafuna, na chupa imelala pembeni. Ilikuwa ya kulanti. Ilikuwa tupu kabisa, nilikuwa nimeimimina asubuhi. Miguu iliniisha nguvu. Kulanti ina utamu, mtoto hataitema, na inaua figo. Jioni ile nilikusanya kila chupa, nikanunua madumu yenye vifuniko vigumu, nikaandika kwa rangi nyekundu, nikayapandisha kwenye rafu inayofungwa kwa kufuli. Ukifunga makala hii sasa hivi ukafanye hilo tu, nitashukuru. Na injini usiiwashe ndani ya banda lililofungwa, au chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto. Moshi wake una gesi isiyonukia inayoua.

Binti sasa ana miaka miwili na nusu. Celica anaiita "gari la babu", jina alilopewa na mama yake, mimi sikumfundisha. Jumapili baada ya swala ya alfajiri naitoa, polepole mpaka geji ya moto ipande, halafu barabara ya Mikindani wakati trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawajatoka na wavuvi ndio wanavuta ngalawa. Nusu saa kwenda na kurudi inatosha. Injini inapata moto wake, nami napata wangu. Jumapili iliyopita mke wangu alisimama barazani na mtoto begani, akasema, "Baba, usirudi mikono mitupu." Nikapitia kwa mama wa vitumbua pale Mikindani karibu na maji, akanifungia kumi kwenye gazeti. Vilikuwa bado vya moto nilipoingiza Celica bandani, nyuma ya WRX iliyoangalia geti.