Mistari miwili, wapigaji watatu
Ndugu, umeuliza kwa nini sonata ya selo (fidla kubwa ya sauti nzito) ya mtunzi Vivaldi, ile ya E maina (namba RV 40 katika orodha ya kazi zake), ina mistari miwili tu ya nota ilhali jukwaani wako watatu. Mstari wa juu ni wa selo inayoongoza. Wa chini ndio kontinuo, yaani besi ya kuusindikiza, na hupigwa na watu wawili: selo ya pili hushika besi yenyewe, mpiga hapsikodi (kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hudonolewa) husoma tarakimu zinazoandikwa kwenye besi hiyo (6, kwa mfano, ni sauti ya sita kuhesabu kutoka besi) na kujaza kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, papo hapo. Ndiyo maana ni nadra rekodi mbili kufanana. Wengine badala ya hapsikodi hutumia teorbo (ala ya nyuzi yenye shingo ndefu), na mimi naipenda zaidi, hasa kwenye Largo, sehemu ya mwendo wa polepole. Hapsikodi ikizidi inachosha masikio.