Springi Kwanza, Fimbo Baadaye: Ushauri kwa Anayeandaa Bastola ya Mashindano

Mpigaji anayenunua fimbo ya tangsteni kabla ya kujua springi yake ni ya pauni ngapi, yaani inahitaji nguvu kiasi gani kuibana, ameanzia mkiani. Nilifanya hivyo mwenyewe katika msimu wangu wa kwanza, nikajikuta nina bastola nzito zaidi ambayo bado iliinamisha mdomo kila slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele kila unapopiga, ilipofunga. Fimbo haikuwa na kosa lolote. Springi ndiyo iliyokuwa ngumu mno kwa risasi za nguvu ndogo nilizokuwa nikipiga, na hakuna uzito wa fimbo ambao ungeweza kulificha jambo hilo.

Vitu vitatu hukaa pamoja chini ya mtutu. Springi huirudisha slaidi mbele baada ya risasi kutoka, fimbo hupita katikati ya springi ili isijipinde inapobanwa, na bafa ni kipete chembamba cha plastiki laini, aghalabu poliurethani, kinachovishwa kwenye fimbo ili slaidi isigonge chuma kwa chuma inapofika mwisho wa safari yake ya nyuma.

Anza na springi. Bastola ya modeli ya 1911 ya ukubwa kamili inayotumia risasi ya .45 kwa kawaida huwa na springi ya pauni 16, na Glock 17 huja na ya pauni 17. Namba hizo zilichaguliwa kwa ajili ya risasi za nguvu kamili, ilhali washindani wengi hupiga risasi zilizopunguzwa nguvu hadi karibu na kiwango cha chini kinachokubalika. Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, kiwango hicho kwa daraja dogo la nguvu ni 125, nacho hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Kichwa cha greni 147 kinachokwenda futi 900 kwa sekunde hutoa 132.3, yaani kimevuka kwa nafasi ndogo ya usalama. Risasi ya namna hiyo husukuma slaidi kwa upole, na springi ya kiwandani inaweza kuizidi nguvu.

Dalili za springi ngumu huonekana bila kipimo chochote: maganda huanguka karibu na miguu yako, slaidi haishiki nyuma baada ya risasi ya mwisho, na kilengeo cha mbele huzama chini ya pale ulipokuwa umelenga. Springi ikiwa laini mno, maganda hurushwa mbali, slaidi hugonga fremu kwa kishindo unachokisikia mkononi, na bastola ikishachafuka kidogo slaidi hukosa nguvu ya kuingiza risasi yote kwenye chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu. Nunua springi tatu zinazopishana kwa pauni moja au mbili, kisha piga risasi mbili mbili za haraka kutoka mita 10 kwa kila moja, kwa risasi za aina ileile, ukiandika kwenye daftari mahali risasi ya pili inapoangukia. Ikiwa ya pili hushuka kila mara, jaribu springi iliyo laini zaidi. Ila mshiko wako uwe thabiti kwanza, kwa sababu mkono uliolegea huvuruga jaribio lote.

Kwa bastola zisizo na nyundo kuna jaribio moja ambalo halipaswi kurukwa, kwani ndani yake springi ya pini ya kufyatulia huvutana na springi ya slaidi. Toa magazini, hakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu, na risasi zote ziwe mbali. Elekeza mdomo juu, upande ulio salama, bonyeza kifyatuo na uendelee kukishikilia, vuta slaidi hadi mwisho, kisha iachie taratibu sana huku ukiizuia kwa mkono. Inapaswa kufunga yenyewe kabisa. Ikisimama hata unene wa ukucha kabla ya kufunga, springi hiyo imechoka au ni laini kupita kiasi, na haifai hata kama inakupa vilengeo vinavyotulia kuliko zote ulizojaribu.

Sasa fimbo. Tofauti kubwa kati ya fimbo moja na nyingine ni uzito wa metali. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya titani karibu 4.5, ya chuma karibu 7.8, na ya tangsteni safi 19.3. Maana yake, fimbo ya chuma yenye gramu 30 ingekuwa na gramu 10 tu kama ingetengenezwa kwa alumini, na zaidi ya 70 kwa tangsteni. Uzito huo hukaa mbele, chini ya mtutu, ambako husaidia kupunguza kuruka kwa mdomo. Lakini huo huo ndio unaochelewesha bastola kuanza kuhama na kusimama unapotoka shabaha moja kwenda nyingine. Kwa maoni yangu chuma cha kawaida kinawatosha wengi. Fimbo ya plastiki ya kiwandani nayo isidharauliwe, kwani hufanya kazi yake bila malalamiko. Ninazoziepuka ni fimbo za vipande viwili vilivyounganishwa kwa skrubu, kwa sababu nimewahi kuona ncha ya moja ikijifungua na kuchomoza mbele katikati ya zoezi.

Bafa ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Ina unene wa milimita chache tu, lakini milimita hizo huondolewa kwenye safari ya slaidi, na bastola nyingine hazina nafasi hiyo ya kutoa. Baada ya kuivisha, vuta slaidi hadi mwisho na utazame kama pengo lake linapita kizuizi cha slaidi (kile kinachoishika nyuma baada ya risasi ya mwisho) kwa nafasi inayoonekana; ikiwa halipiti, iondoe. Kamwe usivishe mbili. Mimi niliisahau moja ndani kwa muda mrefu mno, ikaanza kumeguka, na siku moja slaidi ikakataa kufunga kabisa. Nilipoifungua bastola mezani nikakuta kipande cha buluu, kidogo kama punje ya mchele, kimekwama chini ya mtutu. Tangu hapo bafa yangu hukaguliwa kila ninaposafisha, na hutupwa mara tu ukingo wake unapoanza kuchanika.

Kabla ya kulipa, soma kanuni za daraja unaloshindania, kwa kuwa baadhi huweka kikomo cha uzito wa bastola na mengine hukataza fimbo ya metali iliyo nzito kuliko chuma. Pima bastola yako tupu jinsi kanuni zinavyoagiza, pamoja na magazini tupu ikitakiwa; mizani ya jikoni inatosha, na namba utakayoipata iandike kwenye daftari lilelile la springi.