Mwanangu, waliocheza ngoma nao walileta uhuru

Mwanangu, hujambo? Sie huku Tanga wazima, mvua tu imeshika toka juzi na Ngamiani yote ni madimbwi. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako chuoni anashikilia kuwa uhuru wetu waliuleta wasomi wachache na makaratasi ya Umoja wa Mataifa, hao wengine walikuwa wanacheza ngoma tu, na wewe unaniuliza eti mama ni kweli? Hapana baba, na nakuandikia kirefu maana hili jambo linanigusa.

Makaratasi yalikuwepo, simbishii. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Muingereza anaitawala ila Umoja wa Mataifa unaangalia, ndo maana Machi 1955 Mwalimu Nyerere akaenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Lakini mtu akisimama kule akasema nimetumwa na watu, lazima watu wenyewe wawepo, na TANU, chama chake, wakati huo haina hata mwaka, imezaliwa Julai 1954.

Sasa sikiliza. Mwaka huohuo 1955 alikuja Dar mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza wakubwa wa TANU, wanawake wenu wako wapi? Wakamwambia tawi la wanawake lipo, na kumbe halipo, ikabidi atafutwe mtu haraka. Akapatikana Bibi Titi Mohamed. Si msomi wa chuo, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Na alichofanya yule mama ni akili kubwa kabisa, hakuanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu ukimpata kiongozi wa lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, umewapata na wanawake wake wote, sare wanayo, ada wanatoa, kila mtu anajua mwenzie anakaa wapi. Kufika Oktoba wanawake 5,000 wameshajiandikisha. Elfu tano baba, kwa miezi michache, bila simu! Wanaume na elimu yao walikuwa hawajafikiria njia hiyo.

Mwenzako akisikia ngoma anaona watu wanatingisha viuno. Ngoma ya pwani ilikuwa chama. Kina mwenyekiti, kina mtunza hela, kina kuchangiana kwenye msiba na harusi, na kina wageni wa mji mwingine mnawapokea na kuwalisha na siku nyingine mnaenda kwao. Chukua beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi za wazungu, hapa kwetu Tanga vilikuwepo vikundi vya Marini na Arinoti, wanashindana mpaka mji hauendi, wana tarumbeta na vyeo, huyu Kaiser, yaani mfalme wa Wajerumani, huyu jenerali, huyu gavana. Kuna watu wanasema ule ulikuwa utumwa wa kumuiga mzungu. Mimi sikubali hata kidogo. Mtu ambaye serikali inamuita boi hata awe na mvi, jioni anachaguliwa na wenzake kuwa gavana na anaongoza mamia ya watu na hesabu zao, huyo anajifunza kutawala. Wakoloni wenyewe iliwatia wasiwasi, wachimba shaba wa Northern Rhodesia, ndo Zambia ya leo, walipogoma mwaka 1935, tume iliyoundwa kuchunguza ikaenda kuulizia habari za chama cha ngoma ya Mbeni, ambayo ni hii hii beni yetu ilishasafiri mpaka huko migodini. Kama ni kucheza tu, tume ya nini?

Na wala haikuwa Afrika peke yake. Ireland walianzisha chama cha michezo yao ya asili mwaka 1884, miaka zaidi ya 30 kabla hawajachukua bunduki kumpinga Muingereza pale Dublin mwaka 1916, na tarehe 21 Novemba 1920 askari wa Muingereza waliingia Croke Park, uwanja wa chama hicho, wakafyatulia risasi watu waliokuja kuangalia mechi, wakafa 14.

Ila wewe wa mpira nataka ushike habari ya Algeria. Aprili 1958 wachezaji wa Kialgeria waliokuwa kwenye ligi ya Ufaransa waliondoka kimyakimya wakaenda Tunis kuunda timu ya FLN, chama kilichokuwa kinapigana na Ufaransa. Mekhloufi alikuwa Saint-Étienne, Zitouni alikuwa Monaco, wote wawili wanategemewa kwenda Kombe la Dunia Sweden na timu ya Ufaransa miezi miwili baadae. Hebu jiweke wewe hapo, una mshahara, una jina, unaacha. FIFA haikuwatambua lakini wakazunguka Uarabuni, Ulaya ya Mashariki mpaka China na Vietnam, na sehemu nyingi walipocheza bendera ya nchi ambayo bado haipo ilipandishwa. Uhuru ukaja 1962.

Kuna upande mwingine nao usiufiche kwenye ubishi wenu, utamaduni hata mtawala anautumia. Mobutu aliibadilisha Kongo kuwa Zaire mwaka 1971, kisha akawakataza watu majina ya Kikristo, eti kurudi kwenye asili, huku watu wake wana njaa na hawana ruhusa ya kusema. Mwalimu alisema Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni, kwamba ubaya mkubwa wa mkoloni ni kutufanya tuamini hatuna utamaduni wetu, na hapo namuunga mkono kabisa, ila inaniuma ninapoona lelemama na mdumange, ngoma ya Wasambaa, zinatolewa siku ya kumpokea mgeni rasmi tu, akina mama wanapangwa juani masaa manne, wakimaliza wanapewa soda basi. Wale wa zamani walikuwa na hesabu zao na maamuzi yao.

Mwambie mwenzako aje naye likizo. Bibi yako wa Pangani bado anazikumbuka nyimbo za kikundi chao na nani alikuwa anatunza hela, mimi nimeanza kumrekodi lakini simu yangu imejaa, njoo na yako na ulete memori kadi kubwa.

Mama yako